Grace Hopper: Msomi aliyejifunza kompyuta kwa kuijaribu

MZAZI wa Ngujini, katika milima ya Upare, anayeuza kahawa au ndizi ili mtoto wake akasomee kompyuta chuo kikuu, ana haki ya kujua ujuzi huo hupatikanaje. Maisha ya Grace Hopper wa Marekani yanatoa jibu.

Hopper alizaliwa New York Desemba 9, 1906. Akiwa na miaka saba alifungua saa saba za nyumbani kwao ili aone zinavyofanya kazi. Wazazi wakamwachia moja tu ya kuchezea. Mwaka 1934 alipata shahada ya uzamivu ya hisabati Chuo Kikuu cha Yale, huku akifundisha Chuo cha Vassar.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1943, alijiunga na jeshi la akiba la wanamaji. Julai 1944 alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, kwenye mashine ya kukokotoa iliyoitwa Mark I, yenye urefu wa mita 15. Pamoja na usomi wake, hapo alianza upya. Hapakuwa na kozi ya kumfundisha. Alijifunza kwa kuandika maelekezo, kuyatoboa kwenye utepe wa karatasi, kuendesha mashine na kukagua jibu. Jibu likikosewa, jeshi lililo vitani lingetumia hesabu mbovu.

Septemba 9, 1947 nondo, yule mdudu wa usiku, alikutwa amenasa ndani ya mashine ya Mark II, akabandikwa kwenye daftari la kazi. Kuita hitilafu “mdudu” kulikuwapo kabla ya hapo, lakini Hopper alikieneza sana kisa hicho.

Makosa mengine yalitoka kwa watu. Walinakili kwa mkono vipande vya programu kutoka madaftari ya wenzao, wakakosea. Mwaka 1952 Hopper alikamilisha programu ya A-0, iliyoiachia mashine yenyewe kazi ya kuunganisha vipande hivyo. Kazi zake zilizofuata zilichangia kuzaliwa kwa COBOL, lugha ya kompyuta kwa ajili ya biashara, mwaka 1959. Jeshi lilipomrudisha kazini mwaka 1967, alisimamia programu za kupima kama COBOL inafuatwa sawasawa. Alistaafu mwaka 1986 akiwa na miaka 79, akafariki Januari 1, 1992.

Wakulima wa Upare wanaotumia mifereji ya ndiva wataielewa kanuni hiyo. Ukipitisha maji kidogo kwanza, unaona panapovuja kabla mahindi hayajakauka. Programu nayo hujaribiwa kipande kwa kipande.

Kwa hiyo mzazi asiulize alama tu. Amuulize mwanafunzi ametengeneza nini na amekijaribu vipi. Naye mwenye duka anayenunua programu ya hesabu aitumie sambamba na daftari kwa mwezi mmoja. Jumla zikitofautiana, amwite fundi kabla hajaacha daftari.