Shaaban Robert: Subira ya Karani wa Tanga

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, hivi karibuni, baada ya swala ya Ijumaa, kijana mmoja wa hapa kwetu Kiseke, Mwanza, alibaki msikitini wenzake wakiwa wamekwisha kutoka. Ana cheti chake, ameomba kazi mara nyingi, na hajajibiwa. Alituambia kuwa miaka yake ya kusoma imepotea bure. Hatukumpa mawaidha marefu. Tulimsimulia maisha ya mtu ambaye vitabu vyake alivisoma shuleni.

Marehemu Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, Machui, karibu na mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia mwaka 1922 hadi 1926, kisha akawa karani wa forodha hadi mwaka 1944. Baadaye alifanya kazi Mpwapwa katika idara ya mifugo, na mwaka 1946 akarejea Tanga, alikotumika katika ofisi ya wilaya na halafu katika ofisi ya upimaji ardhi hadi mwaka 1960. Kwa zaidi ya miaka 30, bingwa huyu wa Kiswahili alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, ambayo Mwafrika hakupandishwa cheo kwa kadiri ya akili yake. Kalamu yake mwenyewe aliishika baada ya saa za kazi.

Wala mitihani yake haikuwa ya kazi tu. Mkewe Amina alifariki angali kijana, naye akamlilia kwa shairi. Hakuwa na uwezo wa kumrudisha. Hapo ndipo ulipo mpaka wa kila mwanadamu. Lakini alibakiwa na jambo lililo katika uwezo wake, nalo ni malezi. Alimtungia binti yake Mwanjaa Utenzi wa Hati, na mwanawe Suleiman akamtungia Utenzi wa Adili, ili wawe na wasia wa baba yao.

Tena hakuibeba mizigo yake peke yake. Tangu mwaka 1931 hadi 1958 alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge, naye ndugu huyo akazihifadhi hata zikachapishwa kuwa kitabu mwaka 2002. Undugu walizaliwa nao, bali urafiki waliutunza wenyewe kwa miaka 27, kwa wino na stempu.

Alifariki mwezi Juni 1962, umri wake miaka 53, miezi michache tu baada ya Uhuru wa Tanganyika. Kufikirika kilitoka mwaka 1967 na Utubora Mkulima mwaka 1968. Vitabu hivyo viwili, ambavyo watoto wetu wamevisoma, mwenyewe hakuviona vikiwa vimechapwa.

Ndugu zetu, subira si kukunja mikono, wala si kujizuia kulia. Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika kwa ajili ya mwanawe hata akapoteza nuru ya macho, na bado hakukata tamaa na rehema ya Mola wake. Juhudi ni yetu. Wakati wa matunda si wetu. Basi wazazi tusimpime mtoto kwa mshahara, wala tusimwulize kila jioni amepata nini, kana kwamba riziki iko mkononi mwake.

Tulimwuliza kijana yule ni nani mwingine aliyemweleza dhiki yake. Akasema hakuna, kwani aliona haya. Tukamsihi kabla ya kupeleka ombi jingine la kazi, kwanza amtafute rafiki yake mmoja wa kweli amwambie yote. Alitoa simu yake palepale barazani, akapiga.

Wabillahi tawfiiq.