Maisha ya Bibi Mwana Kupona binti Msham

Katika Waswahili wa zamani ambao majina yao hayakufutika, Bibi Mwana Kupona binti Msham ana cheo chake. Sifa yake kubwa ni kwamba aliposhikwa na maradhi yasiyoondoka hakuuacha wajibu wake, bali aliutimiza kwa kadiri ya nguvu zilizombakia.

Bibi huyu alizaliwa Pate, katika visiwa vya Lamu, yapata mwaka 1810. Aliolewa na Mohamed Is-haq bin Mbarak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, ambaye kwa miaka mingi aliukataa utawala wa Sayyid Said wa Unguja. Mwaka 1856 Bwana Mataka alifariki, akamwacha mjane na watoto wawili, Mwana Hashima na Mohamed.

Haukupita muda mrefu Bibi Mwana Kupona naye akaugua. Mwaka mzima ulitimia hajapata nafuu, wala hajapata nafasi ya kumwusia binti yake. Jambo hili lilikuwa zito, kwani kumfunda binti ni kazi ya mama, na baba alikwisha kwenda zake. Kama angengoja apone ndipo aseme, huenda maneno yake yangezikwa pamoja naye.

Hakungoja. Alimwita Mwana Hashima akae karibu, alete wino na karatasi, akampa mausia kwa shairi. Hivyo ndivyo ulivyopatikana Utendi wa Mwana Kupona, wenye beti 102, uliotimia mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858. Humo alimwusia kushika dini, kuwa na adabu, kusema kweli, kumridhisha mume na kuwasaidia wahitaji. Aliwaombea watoto wake na jamaa zake, na kwa nafsi yake akamwomba Mwenyezi Mungu shifaa. Maradhi yake hakuyaficha, wala hakuyaacha yawe ndiyo habari yake yote.

Alifariki yapata mwaka 1860. Utendi wake ulinakiliwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, na wanawake wakauhifadhi moyoni. Mwaka 1917 ulichapishwa na mwanachuoni wa Kiingereza, Alice Werner. Wasomaji wa leo huenda wakayapima upya mausia yake juu ya ndoa, lakini hakuna awezaye kuikana juhudi ya mama yule.

Kiswahili alichokitumia Bibi huyu kimesafiri kutoka pwani hata kufika Kigali, na mafunzo ya maisha yake yanawafaa Waislamu wa Gikondo vilevile. Mwenye kisukari, mwenye moyo dhaifu, asiyeona na asiyeweza kutembea, kila mmoja ana amana aliyopewa na Mola wake. Hahitaji uji na dawa peke yake. Ahitaji pia mtu wa kukaa karibu naye, kumletea chombo cha kazi yake na kumsikiliza, kama Mwana Hashima alivyofanya. Lau binti yule angekataa kuleta wino kwa kumhurumia mgonjwa, hazina ile isingepatikana.

Mwenyezi Mungu amrehemu Bibi Mwana Kupona, na awape wagonjwa wetu shifaa, subira na kazi yenye manufaa. Amin.