Arthur Berson, aliyepima upepo juu ya Ziwa Victoria

Upepo unaovuma katika kilima cha Rebero, kusini mwa jiji la Kigali, mara nyingi hutoka mashariki, upande wa Ziwa Victoria na Bahari ya Hindi. Miongoni mwa watu wa kwanza kupima hewa ya juu katika ukanda huu ni Arthur Berson.

Berson alizaliwa tarehe 6 Agosti 1859 huko Nowy Sącz, mji ulioko Poland ya leo. Alifanya kazi Ujerumani chini ya Profesa Richard Assmann, akipanda angani kwa puto ili kupima joto na upepo. Tarehe 31 Julai 1901, yeye na Reinhard Süring walipaa kutoka Berlin hadi kimo kinachokadiriwa kuwa mita 10,800. Hewa ilikuwa haba kiasi kwamba wote wawili walizimia, lakini kabla ya kupoteza fahamu Berson aliwahi kuvuta kamba ya kushusha puto. Hatua hiyo iliokoa maisha yao.

Mwaka 1908, mwaka mmoja baada ya Richard Kandt kuanzisha Kigali, Berson aliongoza msafara wa kisayansi wa kituo cha Lindenberg hadi Afrika Mashariki. Wataalamu hao walirusha tiara na maputo ya mpira yaliyobeba vifaa vya kupimia. Tangu mlima Krakatau ulipolipuka mwaka 1883 na vumbi lake kuizunguka dunia, wanasayansi waliamini kuwa upepo wa juu kabisa katika Ikweta hutoka mashariki. Maputo ya Berson yalionyesha kinyume chake: juu sana, upepo ulitoka magharibi.

Fumbo hilo lilidumu nusu karne. Berson alifariki Berlin tarehe 3 Desemba 1942 bila kupata jibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndipo ilipobainika kuwa pepo hizo hupokezana zamu, kwa mzunguko wa takriban miezi 28. Vipimo vyake na vumbi la Krakatau, vyote vilikuwa sahihi.

Leo ndege hupima upepo juu ya bahari kwa miali ya leza, na mwaka 2018 Ulaya ilirusha setilaiti ya Aeolus kwa kazi hiyo hiyo. Hata hivyo, pepo za magharibi za Ikweta bado hutajwa na wataalamu kwa jina la Berson.