Pio Gama Pinto, mutoto wa wageni aliyebeba mzigo wa familia za wafungwa



Mutu akirudi toka ukimbizini, mara nyingi anapokelewa na swali hili: wewe ni wa wapi kabisa? Juu ya hiyo, leo tunawaletea maisha ya mutu mumoja ambaye wengi walimuona mugeni katika inchi aliyozaliwa, lakini alifanya kazi sawa na hii yetu.

Pio Gama Pinto alizaliwa Nairobi tarehe 31 Machi 1927. Ukoo wake ulitoka Goa, kipande cha Uhindi kilichotawaliwa na Ureno tangu 1510 mpaka 1961. Ndiyo maana familia nyingi za kule zina majina ya Kireno na dini ya Katolika. Katika Kenya ya Waingereza, watu wa Goa walikuwa makarani, washonaji, walimu na waganga. Pio alipofika miaka 8, wazazi walimutuma Goa kusoma. Akiwa kijana, aliingia katika kazi ya kupinga utawala wa Ureno. Alipoona kama atakamatwa, akarudi Kenya mwaka 1949.

Yeye naye alikuwa mutu wa kurudi. Alikuwa na miaka 22 tu. Akashika kazi ya kuandika magazeti na kusaidia vyama vya wafanyakazi.

Oktoba 1952 Waingereza walitangaza hali ya hatari juu ya vita vya Mau Mau. Maelfu ya watu walitiwa buloko. Pinto akaanza kutafutia washitakiwa mawakili na kukusanya feza kwa familia zilizobaki bila baba. Alifanya hayo kwa siri, tena bila kuangalia kabila. Mwezi wa 1 mwaka 1954 alioa Emma. Mwezi wa 6 wakamukamata. Wakamupeleka kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, kisha Kabarnet. Hakuwa huru mpaka 1959.

Wafungwa waliporudi kwao, wengi walikuta mashamba yamegawiwa wengine. Hiyo memba wetu wanaijua bila kufundishwa. Pinto alirudilia kazi yake ileile ya kutafuta misaada kwa wafungwa na familia zao. Alisaidia pia kuanzisha magazeti ya chama cha KANU, na ile shule ya viongozi ya Nairobi iliyopewa jina la Patrice Lumumba wetu, mwaka 1964.

Mwaka uleule akaingia Bunge. Uhuru ulikuwa umepatikana, lakini aliendelea kudai udongo kwa wale wasio na kitu. Wakubwa wengine hawakupenda. Tarehe 24 Februari 1965 alipigwa risasi mbele ya nyumba yake, mutoto wake mudogo akiwa ndani ya motokari. Alikuwa na miaka 37. Mutu mumoja alifungwa na kuachiliwa mwaka 2001, lakini aliyeamuru mauaji hakufikishwa mbele ya sheria hata leo.

Pinto hakuacha mali. Yeye aliyekusanyia wajane wa wengine, marafiki ndio walikusanya mchango kwa mjane na watoto wake. Rafiki yake mukubwa, Joseph Murumbi, ambaye baba yake alikuwa mutu wa Goa na mama Mmasai, alikuwa makamu wa rais mwaka 1966, kisha akajiuzulu. Mwaka 2008 Kenya ilitoa tembre yenye sura ya Pinto.

Bandugu, kuna wakati katika mikutano yetu tunasikia: huyu si wa kwetu, asiandikwe. Pinto angeulizwa hivyo, familia nyingi zingelala na njaa. Mwezi huu, tunapofungua daftari ya mchango, tuangalie kwanza nyumba yenye shida, kisha jina la mwenyewe.