Daktari aliyeuliza mgonjwa anafanya kazi gani

Wasomaji wengi wanaoniandikia huanza na ugonjwa: mgongo unauma, kifua kinabana, macho yanawasha. Wachache sana hutaja kazi wanayofanya. Ndiyo maana wiki hii naweka kando dalili na dawa, nasimulia maisha ya daktari mmoja wa Italia aliyefariki zaidi ya miaka 300 iliyopita. Jina lake Bernardino Ramazzini, na madaktari wa afya kazini duniani kote humhesabu kuwa baba yao.

Alizaliwa mwaka 1633 Carpi, mji mdogo jirani na Modena, kaskazini mwa Italia. Alisomea udaktari Parma, akahitimu mwaka 1659, kisha akaenda kutibu watu upande wa Viterbo, si mbali na Roma. Huko malaria ilikuwa nyingi (ndiyo, Ulaya nayo ilikuwa na malaria yake), ikamwangusha mwenyewe hadi akalazimika kurudi kwao. Mwaka 1671 alihamia Modena, na mwaka 1682 akapewa kiti cha kufundisha utabibu katika chuo kikuu cha mji huo.

Kilichombadilisha hakikutoka chuoni. Kilitoka chooni. Modena ilikuwa na watu wengi waliobanana katika nyumba ndefu, na desturi ilikuwa kusafisha mashimo ya maji taka mtaa kwa mtaa kila baada ya miaka mitatu. Siku moja zamu ikafika nyumbani kwake. Akamwona kibarua mmoja ndani ya lile shimo akifanya kazi kwa haraka isiyo ya kawaida, hapumziki, kama mtu anayefukuzwa. Daktari akamhurumia, akamuuliza kwa nini asiende taratibu asije akachoka. Yule mtu akainua macho, akamweleza kuwa asiyeijua kazi ile hawezi kufahamu gharama ya kukaa mle zaidi ya saa nne, kwani ni sawa na kupofuka.

Daktari mwingine angetikisa kichwa akarudi kwenye vitabu vyake. Ramazzini alisubiri mtu atoke, akamtazama macho, akayakuta mekundu na yenye ukungu. Akamuuliza kama kichwa kinamuuma, kama anapata shida ya kupumua, kama kazi inamletea kichefuchefu. Hapana, ni macho tu. Akamuuliza dawa yao ni nini. Akaambiwa kuwa hurudi nyumbani moja kwa moja, hujifungia katika chumba chenye giza mpaka kesho yake, na huosha macho kwa maji ya uvuguvugu. Ndipo Ramazzini akawakumbuka ombaomba wengi aliowaona mjini wakiwa vipofu au nusu vipofu, ambao zamani walikuwa wakifanya kazi hiyo hiyo.

Aligundua pia kwamba sarafu za shaba mifukoni mwa vibarua hao ziligeuka nyeusi. Hakujua kemia tunayoijua sasa, lakini alama aliisoma vizuri: hewa ya mle ndani ilikuwa na kitu kikali. Leo tunakiita haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama yai viza. Kwa kiasi kidogo huchoma macho. Kikizidi huua pua kwanza, mtu asiisikie tena harufu, kisha humwangusha. Vijana wanaotapisha vyoo kwa mikono mitaani kwetu Dar es Salaam, wale tunaowaita vyura, huingia katika hewa hiyo hiyo, na wengi hawana hata miwani. Ramazzini aliwashauri vibarua wake wafunike uso kwa kibofu cha mnyama kinachopenyeza mwanga, na wenye macho dhaifu watafute kazi nyingine.

Baada ya hapo akaanza kuingia katika karakana: kwa wahunzi, wafinyanzi, waoka mikate, wafuaji nguo, wabeba maiti, wakunga, wachimbaji madini. Mwaka 1700 akachapisha kitabu cha Kilatini kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, kilichoeleza kazi zaidi ya 40. Tangu enzi za Hippocrates daktari alikuwa na maswali yake ya kumuuliza mgonjwa. Ramazzini akaongeza moja tu: unafanya kazi gani? Tena alitaka daktari akiingia nyumba ya maskini asisimame mlangoni kwa haraka, bali akae, hata kama kiti ni kigoda cha miguu mitatu, na asikilize.

Katika kitabu hicho wafinyanzi waliopaka vyombo rangi yenye madini ya risasi walianza kwa kutetemeka mikono, mwishowe ikapooza, na meno yakawatoka. Mafundi wa kupaka dhahabu waliichanganya na zebaki kisha wakaichoma ili zebaki iondoke ibaki dhahabu. Mvuke ukawapata, wakatetemeka shingo na mikono. Msomaji wa Geita au Chunya ataijua kazi hii bila kuelezwa. Wachimbaji wetu wadogo bado huchoma zebaki kwenye moto wa wazi, wakati mwingine uani ambapo watoto wanacheza, ingawa chombo cha kufunga kinachonasa mvuke kipo na hakina ufundi mgumu.

Wa ofisini nao hawakusahaulika. Ramazzini alieleza makarani wanavyoumizwa na mambo matatu: kukaa muda wote, mkono kurudia mwendo ule ule, na akili kubanwa kwa hofu ya kukosea hesabu ya tajiri. Alimjua karani mmoja aliyeandika maisha yake yote mpaka mkono wa kulia ukalegea kabisa. Akajifunza kuandika kwa kushoto. Haukupita muda mrefu, nao ukalegea. Ushauri wa daktari kwa wanaokaa kutwa ulikuwa waunyooshe mwili, angalau siku za mapumziko. Nadhani hapo alikuwa mpole mno kwa waajiri. Siku moja kwa wiki haitoshi, inafaa kusimama na kutembea kidogo kila saa.

Vumbi la mawe pia alilitaja, akaeleza wachonga mawe wanavyokohoa na kukonda. Nilisoma hayo kwa aibu. Nikiwa daktari kijana nilimtibu mama mmoja kikohozi mara tatu. Makohozi yakapimwa, TB hakuna, nikampa dawa aende. Mara ya nne nesi ndiye aliyemuuliza anaishi vipi, naye akajibu kuwa anaponda kokoto, mwaka wa tisa sasa. Vumbi lilikuwa limeshakaa kifuani, na halitoki kwa dawa.

Tusimfanye Ramazzini malaika. Alitoa watu damu kama madaktari wote wa wakati wake, na maelezo yake mengi ya chanzo cha ugonjwa yalikuwa si sahihi. Lakini jicho lake lilitangulia maarifa. Aliandika kwamba watawa wa kike walipata saratani ya matiti kuliko wanawake wengine. Sababu aliyoitoa haikuwa yenyewe, ila alichokiona kilikuwa kweli: sasa tunajua kuzaa na kunyonyesha hupunguza hatari hiyo.

Mwaka huo huo wa 1700 aliitwa kufundisha Padua, akiwa na miaka 67. Macho yalimwisha nguvu taratibu, ikabidi wengine wamsomee na kumwandikia. Hata hivyo mwaka 1713 alitoa kitabu chake upya, ameongeza sura kuhusu kazi nyingine, watawa hao wakiwemo. Alikufa kwa kiharusi tarehe 5 Novemba 1714, akijiandaa kwenda kufundisha.

Wiki ijayo nitajibu maswali ya kisukari yaliyorundikana. Mnaoniandikia, tafadhali, anzeni na kazi yenu na miaka mliyoifanya, kisha ndipo mseme kinachouma.