John von Neumann na bahati ya mashine

Hapa Uvira, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, mtu akinunua telefone mpya na kuweka WhatsApp, anatumiwa namba sita na anaambiwa asimwonyeshe mtu yeyote. Wengi wetu tunaziandika haraka na kuzisahau. Lakini zile namba zinatoka wapi? Mashine inafanya paka kile ilichoamriwa. Ukiipa hesabu moja mara mia, inarudisha jibu moja mara mia. Basi, namna gani mashine isiyojua kubahatisha inaweza kutoa namba ambayo mwizi hawezi kuikisia? Mmoja wa watu wa kwanza waliojisumbua na ulizo hilo ni John von Neumann, na maisha yake yanagusa udongo wa inchi yetu kuliko wengi wanavyofikiri.

Alizaliwa Budapest, mji mkubwa wa Hungaria, tarehe 28 Desemba 1903, katika jamaa ya Kiyahudi. Nyumbani waliita jina lake János. Baba yake alikuwa mtu wa benki. Tangu utoto hesabu zilikuwa mchezo kwake, lakini baba aliogopa kwamba hesabu peke yake hazileti chakula, akataka mtoto asome kazi yenye mshahara. Kijana akafanya yote mawili: mwaka 1926 alipata diplome ya uhandisi wa kemia kule Zurich, na mwaka uleule akawa daktari wa hesabu kule Budapest. Wazazi wa kwetu wanaovutana na watoto juu ya kuchagua masomo watamwelewa yule baba.

Mwaka 1930 alivuka kwenda Princeton, Marekani. Mwaka 1933, wakati Hitler alipokamata utawala Ujerumani, alipata nafasi ya kudumu katika chuo cha utafiti cha Princeton, na mwaka 1937 akawa raia wa Marekani.

Halafu ikaja vita. Kuanzia mwaka 1943 aliitwa Los Alamos, mahali pa siri ambapo bomu la atomi lilitengenezwa. Hesabu zake zilisaidia kujua namna baruti inavyoweza kubana plutoni kutoka pande zote kwa mara moja. Bomu la namna hiyo ndilo lilianguka Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Na kazi yote ile ilitegemea urani. Sehemu kubwa yake ilitoka Shinkolobwe, kule Katanga. Wachimbaji wetu hawakuambiwa jiwe lile linakwenda kufanya nini. Hatuwezi kusifu akili ya von Neumann na kunyamazia jambo hilo.

Kisha vita, wataalamu wa Los Alamos walibaki na ulizo gumu. Ndani ya urani, chembe ndogo inayoitwa nyutroni inaruka, inagonga, inapotea au inazaa zingine, na hakuna anayejua mbele kila moja itakwenda wapi. Mwaka 1946, rafiki yake Stanislaw Ulam, aliyekuwa akipona ugonjwa, alicheza karata peke yake na kupata wazo: kuliko kutafuta jibu kwa hesabu ndefu, afazali kucheza mara nyingi na kuhesabu matokeo. Von Neumann aliona mara moja kwamba nyutroni zinaweza kuchezwa namna hiyo kwa kompyuta. Njia ile ikaitwa Monte Carlo, jina la mji wa michezo ya bahati. Mwaka 1948 mashine ENIAC ilifanya kazi hiyo, na bibi yake, Klára, alikuwa mmoja wa walioandika amri za mashine.

Lakini mchezo unaomba karata. Mashine ipate wapi bahati? Von Neumann alitoa njia fupi. Chukua namba ya tarakimu nne, tuseme 1234. Izidishe kwa yenyewe: unapata 1522756. Weka sifuri mbele ili zitimie tarakimu nane, kisha kamata nne za katikati: 5227. Fanya vilevile, unapata 3215, halafu 3362. Kwa macho, namba zinaruka-ruka sawa bahati.

Kumbe si bahati. Anayejua ya kwanza anajua zote. Na kuna mitego: jaribu 2500. Ukiizidisha kwa yenyewe, katikati inatoka 2500 tena, na tena, mpaka mwisho wa dunia. Von Neumann alijua vizuri kasoro hiyo na hakumdanganya mtu. Aliikubali kwa sababu ilikuwa ya haraka, na juu hesabu ikikosewa unaweza kuirudilia ileile na kuichunguza. Kwa kupima nyutroni, ilitosha. Kwa kuficha siri, wapi!

Yeye pia alionyesha namna ya kusafisha bahati ya kweli. Jambo hilo lilichapishwa mwaka 1951, na mtoto yeyote anaweza kulijaribu kwa kifuniko cha chupa ya Primus. Kifuniko hakianguki sawa pande zote. Tuseme mara 7 kwa 10 kinalala upande mmoja. Kirushe mara mbili. Pande zikifanana, acha, anza upya. Zikitofautiana, shika ule wa kwanza. Mgongo kisha tumbo, au tumbo kisha mgongo: kila moja inatokea mara 21 kwa 100, juu 7 mara 3 na 3 mara 7 ni kitu kimoja. Kifuniko chenye upendeleo kimetoa hukumu ya haki.

Leo telefone na kompyuta zinafuata mafundisho hayo mawili. Zinaokota bahati nje ya hesabu: nukta ndogo za wakati unapogusa kioo au kubonyeza, mtikisiko wa umeme ndani ya chuma. Linux ilianza kukusanya vitu hivyo mwaka 1994. Windows na mifumo ya Apple nazo ziko na mitungi yao. Ndiyo maana mwandishi wa programu anayetaka ifanye kazi kwa mashine zote hatungi bahati yake mwenyewe, anauomba mfumo wa kila mashine umpe.

Mtungi ukitoboka, hasara ni kubwa. Mwaka 2006, mistari michache ilifutwa katika programu ya funguo za siri ya Debian, moja ya familia za Linux. Mashine zikaendelea kutoa funguo zenye sura nzuri, lakini kwa kila aina funguo zilizowezekana zilibaki 32,768 hivi tu, kiasi ambacho mwizi anaweza kujaribu zote. Watu waligundua mwezi wa Mei 2008.

Von Neumann hakuona hayo. Mwaka 1955 aligunduliwa kuwa na kansa. Mwaka 1956 alipokea medali kutoka kwa Rais Eisenhower akiwa amekaa katika kiti cha magurudumu, na tarehe 8 Februari 1957 akafariki Washington, mwenye miaka 53. Alizikwa Princeton.

Mtu huyu alisaidia kuleta moto mkubwa duniani, na ametuachia pia dawa ndogo ya haki. Kwetu kumebaki jambo moja la kushika: zile namba sita zimetafutwa kwa jasho. Atakayekupigia simu akijifanya mtu wa kampuni na kuziomba, usimpe. Bahati ya mashine hailindi mtu anayeitangaza mwenyewe.