Grace Hopper: Mwanamaji aliyefunza walimwengu kusaka hitilafu za tarakilishi

KILA mtumiaji wa tarakilishi anaijua adha ya mashine kuganda ghafla, ilhali kazi ya kutwa nzima haijahifadhiwa. Wengi huizima, wakaiwasha upya na kumwachia Mola yaliyosalia. Grace Murray Hopper, mwanahisabati wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1992, hakuridhika na tiba ya aina hiyo. Kwake, mashine haikwami bila sababu, na sababu hiyo ina mahali ilipojificha.

Alizaliwa jijini New York mnamo Desemba 9, 1906. Yasimuliwa kwamba alipokuwa na umri wa miaka saba, aliifungua saa ya kengele ili aone inavyofanya kazi. Aliposhindwa kuiunganisha tena, alifungua nyingine na nyingine, hadi saa saba za nyumbani zikawa vipande. Mamake alimwekea mpaka: tangu siku hiyo achezee moja tu.

Alihitimu katika chuo cha Vassar mwaka wa 1928, akapata uzamifu wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka wa 1934. Vita vya Pili vya Dunia vilimkuta akiwa mhadhiri Vassar. Ingawa uzani wake ulikuwa chini ya kiwango kilichohitajika, alipewa idhini maalumu na kujiunga na kikosi cha akiba cha jeshi la wanamaji mnamo Desemba 1943.

Mwaka uliofuata alipelekwa Chuo Kikuu cha Harvard, chini ya Howard Aiken, kuandikia amri mashine iliyoitwa Mark I. Dude hilo lilikuwa na urefu wa takriban mita 15. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kukokotoa majedwali ya kulengea shabaha mizinga ya meli za kivita. Hapo hapakuwa na nafasi ya kubahatisha, kwani tarakimu moja mbovu ingepeleka kombora kusikofaa.

Mnamo Septemba 9, 1947, mashine iliyofuata, Mark II, ilileta matata. Mafundi waliikagua sehemu baada ya sehemu, wakamkuta nondo amenaswa ndani ya rilei, ile swichi inayofunguka na kufungika kwa nguvu za sumaku. Walimtoa, wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kumbukumbu za mashine na kuandika saa na mahali alipopatikana.

Watu wengi humtaja Hopper kuwa ndiye aliyemwona nondo huyo na kubuni desturi ya kuita hitilafu mdudu. Ukweli ni kwamba waliompata ni wenzake, na wahandisi, akiwemo Thomas Edison, walikuwa wakilitumia neno hilo tangu karne ya 19. Alichofanya Hopper ni kukieneza kisa hicho kwa miaka mingi katika mihadhara yake.

Mwaka wa 1949 alijiunga na kampuni ya Eckert-Mauchly, iliyounda tarakilishi ya UNIVAC. Huko alitambua kuwa makosa mengi hayakutoka kwa wadudu wala nyaya, bali kwa binadamu aliyechoka kunakili tarakimu. Ndipo mwaka wa 1952 akakamilisha programu ya kuiachia mashine yenyewe kazi ya kukusanya na kupanga amri. Baadhi ya wenzake walishikilia kuwa tarakilishi haiwezi lolote ila hesabu. Lugha yake ya FLOW-MATIC, iliyotumia maneno ya Kiingereza cha kawaida, ilikuwa msingi mkubwa wa COBOL, iliyoanza kuundwa mwaka wa 1959 na ambayo ingali inatumika katika mifumo ya benki.

Ofisini alitundika saa iliyozunguka kinyumenyume, kuwasuta waliopinga mabadiliko kwa kisingizio cha mazoea. Alistaafu jeshini mnamo Agosti 1986 akiwa na umri wa miaka 79 na cheo cha admirali wa daraja la chini (rear admiral). Alifariki Januari 1, 1992, akazikwa katika makaburi ya kitaifa ya Arlington. Mwaka wa 2016 alitunukiwa nishani ya juu kabisa ya raia nchini Marekani.

Lile daftari la Harvard limehifadhiwa katika makavazi ya Smithsonian jijini Washington, nondo akiwa bado amebandikwa kwenye ukurasa wake.